Hatua za kwata zilivyomaliza ugomvi wa njia ya ng'ombe

Kwanza niseme lililonikera. Ugomvi ulipoanza kijijini kwetu, wilayani Bahi, karibu kila mzee niliyemwamkia alinipa ushauri uleule: kesi ya ng'ombe waachie wanaume, wewe mama subiri za mirathi. Mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Haikusema tunyamaze ng'ombe wakitajwa.

Wakulima walikuwa wamesogeza mashamba hadi kwenye njia ya mifugo, na wafugaji nao wakapitisha ng'ombe katikati ya mtama uliokaribia kuvunwa. Vijana wakaanza kutembea na fimbo na mapanga. Watu wameuana Kilosa na Kiteto kwa ugomvi wa namna hii, kwa hiyo sikuwa napata usingizi.

Tulianza kwa kufuata ushauri wa wazee: tuwakutanishe ofisini, kisha shamba lipimwe kwa hatua, maana huku kwetu eka ni hatua 70 kwa 70. Hapo ndipo palipoharibika. Mwenye shamba alipopima, hatua zake zilikuwa fupi kama za mtoto anayejifunza kutembea, akapata eka tatu zilizoliwa. Ndugu wa mfugaji, kijana mrefu, akapima kwa kuruka, hata eka moja haikufika. Nusura washikane palepale.

Usiku ule nikakumbuka Makutupora. Nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pale kwa kujitolea, na afande wa kwata, yaani gwaride, hakuwa na mchezo kwenye urefu wa hatua: sentimita 75, kutwa nzima, mpaka mguu unajua wenyewe. Upande wa eka unakaribia mita 64. Kwa hatua zangu ni 85.

Lakini sikukimbilia shambani. Nilikwenda kwanza kisimani, kwa wanawake wa pande zote mbili. "Mbukwenyi," nikawasalimu, tukakaa. Wake wa wafugaji walikuwa wamekosa pa kuuza maziwa, na wake wa wakulima walikuwa wanawapa watoto chai ya rangi. Nikawaomba waje wote shambani. Huku kwetu kijana hanyanyui panga mbele ya mama yake, na anayetaka kusuluhisha jambo bila kina mama anajitafutia kazi.

Siku ya kupima nilikaza kanga, nikaazima futikamba ya fundi ujenzi. Nikatembea hatua 10 mbele ya wote: mita saba na nusu. Nikarudia, ikatoka ileile. Minong'ono ikakoma. Kila upande ukatoa mwanamke mmoja wa kuhesabu kwa sauti nyuma yangu, na kwa upande wa wakulima alikuwa mke wa mwenye shamba mwenyewe. Ikatoka eka moja na nusu na kidogo. Mume akanuna, ila hakuweza kubishana na hesabu iliyotoka kinywani mwa mkewe. Fidia ikawa magunia kadhaa na hela kidogo, wakulima wakarudi nyuma, na ukingo wa njia ukapandwa minyaa.

Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, linawataka wanawake washiriki kikamilifu katika kuleta na kulinda amani. Wengi wakilisikia huwaza Kongo na walinda amani wa kofia za bluu. Dada zetu wa jeshi letu, JWTZ, waliokwenda huko nawapigia saluti. Ila mafunzo ya jeshi yalinifaa hapahapa, kwenye mtama, na nataka mabinti wanaotoka JKT walijue hilo.

Na muhtasari wa makubaliano uandikwe shambani, dole gumba zipigwe kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu wakienda kulala kabla ya kuutia dole, kila mtu atashauriwa upya na ndugu zake. Wa kwetu niliupeleka mwenyewe ofisi ya kata jioni ileile.