Kutoka Dar es Salaam hadi Torino: safari ya mshiriki wa mafunzo

Kituo cha Kimataifa cha Mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, kipo katika jiji la Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia, kando ya mto Po. Kilianzishwa mwaka 1964 na ILO pamoja na serikali ya Italia, kikaanza kupokea washiriki mwaka uliofuata, katika eneo lililokuwa limejengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1961 ya kuadhimisha miaka 100 ya kuungana kwa Italia. Maafisa kazi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wawakilishi wa waajiri na watumishi wa wizara kutoka Afrika Mashariki huitwa huko kwa kozi za aina nyingi. Novemba 2025 nami nilikuwa miongoni mwao, kwa kozi ya usalama na afya mahali pa kazi. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu watakaopata barua ya mwaliko baada yangu, kwa sababu nimeona kwamba mshiriki anayefika akiwa bado anahangaika na karatasi, baridi na usingizi hukaa darasani mwili tu, na zile siku za mwanzo ndizo wakufunzi hujenga msingi wa kila kinachofuata.

Safari huanza siku barua ya mwaliko inapoingia kwenye baruapepe. Barua hiyo hutaja jina la mshiriki, tarehe za kozi, anayegharimia tiketi, malazi, chakula na bima, na kila mlango utakaoupitia baadaye utaulizwa habari zilizomo ndani yake. Jina lililoandikwa kwenye barua lilingane herufi kwa herufi na lile la kwenye pasipoti. Likikosewa, omba lirekebishwe siku hiyohiyo. Kisha iangalie pasipoti yenyewe. Kwa visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumiwa na kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo, inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu au zaidi.

Maombi ya visa yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayatakiwi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu uchunguzi uendelee hadi siku 45 pale panapohitajika maelezo zaidi. Kwa hiyo mtu anayeanza kuhangaika wiki tatu kabla ya kozi amejiweka pabaya, hata kama nyaraka zake zote ni safi. Hapa ndipo ninapowaomba wakuu wa ofisi zetu kwa moyo wote: barua ya uteuzi isilale mezani. Mshiriki mmoja wa kundi letu, kutoka nchi jirani, aliingia darasani wenzake wakiwa wameshagawanywa katika vikundi vya kazi, kwa sababu barua ya ruhusa ya mwajiri wake ilisubiri saini hadi miadi ya visa ikampita. Alikuwa mtu makini sana na mwenye uzoefu wa viwandani kutuzidi wengi wetu, na kikundi chake kilikosa mchango wake wakati kilipouhitaji zaidi. Kwa mtumishi wa umma kuna pia kibali cha kusafiri nje ya nchi, ambacho kina njia yake ya kupita. Vyote viwili vianze pamoja, kimoja kisisubiri kingine.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo mwisho wa safari, hata kama ndege itatua kwanza kwingine. Anayekwenda Torino kwa kupitia Amsterdam bado anaomba kwa Italia. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Siku ya miadi nilibeba fomu, picha ndogo za milimita 35 kwa 45, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, nafasi ya ndege iliyoshikwa na cheti cha bima. Bima hiyo lazima ifikie angalau euro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa au mwili wa marehemu. Kama waandaaji ndio wanaoitoa, barua itasema; isiposema, waandikie uwaulize kabla hujanunua yako. Alama za vidole huchukuliwa kwenye kioo kidogo chenye mwanga, vidole vinne vya kila mkono kisha dole gumba, na huweza kutumika tena kwa miezi 59, kiasi kwamba ukiitwa tena ndani ya muda huo huenda usihitaji kuzitoa upya.

Pasipoti ikirudi, soma kibandiko cha visa kabla hujaondoka dirishani. Kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya mara za kuingia, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, na siku hizo zinaweza kuwa chache kuliko nafasi iliyopo kati ya tarehe hizo mbili. Aliyepewa kuingia mara moja akitoka nje ya nchi za Schengen visa yake imekwisha. Uswisi imo, na hivyo ziara ya Geneva, yaliko makao makuu ya ILO, haina tatizo. Uingereza haimo, na mwenye ndugu London asifikiri atamtembelea kwa visa hii.

Ndege yetu ilipitia Addis Ababa, ikatua Malpensa, uwanja mkubwa wa Milano, asubuhi. Wiki chache kabla, Oktoba 12, nchi za Schengen zilikuwa zimeanza kutumia mfumo mpya wa kielektroniki wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka, kwa hiyo foleni ya pasipoti zisizo za Ulaya ilikuwa ndefu. Kwa mwenye visa vidole vyake tayari vimo kwenye kumbukumbu, kinachoongezwa mpakani ni picha ya uso. Afisa aliniuliza ninakwenda wapi, kwa muda gani na nani ananilipia. Nilimpa barua ya mwaliko pamoja na tiketi ya kurudi, nikajibu kwa sentensi fupi, akanipiga picha, akagonga muhuri. Karatasi hizo ziwe mkononi ndani ya bahasha, si kwenye begi lililopita kwenye mizigo. Dawa zako pia zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake na karatasi ya daktari. Betri za kuchajia simu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Nyama, samli, jibini na vyakula vingine vya nyama au maziwa haviruhusiwi kuingizwa na abiria wanaotoka nchi kama zetu. Nilimwona msafiri akitolewa mfuko mzima wa nyama kavu kwenye meza ya forodha.

Kutoka Malpensa kwenda Torino zipo njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni basi la moja kwa moja, ambalo huchukua takribani saa mbili na humfaa mwenye mabegi mazito kwa sababu anapakia mara moja na kushuka mara moja. Ya pili ni treni ya uwanjani hadi kituo cha Milano Centrale, kiasi cha dakika 50, kisha treni ya mwendo kasi ambayo hufika Torino Porta Susa kwa muda wa karibu saa moja. Mimi na mshiriki wa Kisumu niliyekutana naye kwenye foleni tulichukua treni. Pale Centrale namba ya jukwaa hutangazwa kwenye ubao dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, na watu wote husogea kwa pamoja. Ni mahali pa kushika mkoba mbele ya kifua. Tiketi ya treni ya mwendo kasi ina behewa na kiti, lakini ya karatasi ya treni za mkoa inatakiwa igongwe kwenye mashine iliyo jukwaani kabla ya kupanda. Asiyeigonga hutozwa faini kama mtu asiye na tiketi.

Kutoka Porta Susa tulichukua teksi nyeupe ya kituoni, tukafuata barabara inayokwenda sambamba na mto hadi langoni. Kituo ni kama kijiji kidogo chenye miti mingi: majengo ya chini ya madarasa, mabweni, mgahawa, sehemu ya kufulia, zahanati na mapokezi. Mhudumu aliangalia pasipoti na barua, akatoa kadi ya mlango, ratiba na maelezo ya posho. Chumba ni cha mtu mmoja, kina bafu lake na meza ya kusomea.

Jambo la kwanza lililowasumbua wengi chumbani lilikuwa umeme. Nguvu yake ni volti 230 kama ya kwetu, kwa hiyo hakuna haja ya transfoma, lakini matundu ya ukutani ni ya duara. Ya Kiitalia yenyewe huwa matatu membamba yaliyojipanga kwenye mstari mmoja, na plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii. Adapta nilinunua Kariakoo kwa bei ya soda chache, nikabeba na kebo ya kugawa umeme yenye matundu ya kwetu, hivyo adapta moja ikatosha kwa kompyuta na simu.

Baridi inahitaji maandalizi ya kweli. Novemba Torino ina ukungu, asubuhi joto hukaribia nyuzi sifuri, jua huchomoza baada ya saa moja na kuzama kunako saa kumi na moja jioni. Ndani ya majengo kuna vipasha joto, kwa hiyo mtu anayevaa sweta moja nene kupita kiasi hutokwa jasho darasani na kutetemeka uani. Vaa nguo kadhaa nyepesi juu ya nyingine, ya nje iwe koti linalozuia upepo, na viatu viwe vya soli nene vinavyofunika kifundo cha mguu. Mwenzangu wa Kisumu aliniambia kwenye treni, “Dadangu, koti usinunue hapa, bei ya moja ya hapa, Gikomba unatoka na manne.” Nami langu nililitoa mitumba ya Karume, Ilala, na lilinitosha kabisa.

Saa za Italia ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi, na kwa saa moja miezi mingine. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 14.30 ni saa nane na nusu mchana. Vipindi huanza kwa wakati ulioandikwa.

Chakula cha mgahawani ni cha kujipakulia: tambi, wali, nyama, samaki, mboga na matunda, na viungo vilivyomo huandikwa. Muislamu na asiyekula nyama wajaze fomu ya mahitaji ya chakula mapema, maana mpishi hupanga kwa idadi. Kaskazini mwa Italia watu hula sana polenta, sima ya unga wa mahindi, na anayetamani vya nyumbani zaidi aende soko la Porta Palazzo, soko kubwa la wazi linalofanya kazi asubuhi, lenye bucha za halali na maduka ya vyakula vya Kiafrika jirani yake. Jumamosi mchana tulikwenda jumba la makumbusho ya Misri ya kale, lililoanzishwa mwaka 1824. Lenyewe linastahili siku nzima. Tiketi za basi huuzwa kwenye vioski vya tumbaku vyenye alama ya T.

Fedha chukua euro za noti ndogo, na benki yako iarifiwe kwamba kadi itatumika Italia, la sivyo inaweza kuzuiwa mara ya kwanza unapoitumia. Namba ya dharura kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Na hili nalisisitiza kuliko yote yaliyotangulia: ukipata homa ukiwa huko, au mtu wa kundi lako akiipata, mwambie daktari kwanza kabisa kwamba unatoka nchi yenye malaria na uombe upimwe. Daktari wa Torino haoni malaria kila wiki kama wa Morogoro, baridi ya nje humfanya kila mtu adhani ni mafua, na malaria kali haisubiri.

Wakati wa kurudi, anayepitia nchi yenye homa ya manjano na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 anaweza kudaiwa cheti cha chanjo akiingia Tanzania, na Ethiopia ni mojawapo ya nchi hizo. Kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti. Tunza pia vipande vya kadi za kupandia ndege, risiti za treni na teksi, na cheti cha kuhitimu, kwa kuwa mhasibu atavihitaji vyote siku ya kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha ya safari uliyopewa, na risiti ya karatasi laini hufutika maandishi, hivyo ipige picha siku unayopewa.