Gazeti liliacha kununua habari za mkoani, mimi sikuacha kuziandika

Tangu gazeti lililokuwa likinilipa lipunguze waandishi wake wa mikoani, nimepewa ushauri mwingi kiasi kwamba kama ungekuwa unauzika ningekuwa nimeshaezeka nyumba. Karibu wote ulikuwa wa aina moja: fungua chaneli ya video, zungumzia Simba na Yanga, weka kichwa cha habari chenye neno "kimenuka", na usikose tetesi za usajili hata kama umezitunga mwenyewe kitandani. Wa kwanza kunieleza hivyo alikuwa mhariri aliyewahi kunisimamia, ambaye aliongeza kwa upole kwamba Tanga haina tena habari za michezo za kuuza. Ninaandika haya kwa sababu Tanga inazo, nami ninaishi kwazo. Si maisha ya kifahari, lakini kodi ya nyumba inalipwa na mama watoto ameacha kuniuliza nitatafuta lini kazi ya maana.

Nilianza kazi hii enzi ambazo ripoti ya mchezo wa uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga ilikuwa na thamani mpaka siku ya pili yake. Coastal Union, timu ya hapa kwetu, ikicheza Jumamosi, maelezo yalisomwa kwa simu au kutumwa kwa faksi, na picha zikafungwa kwenye bahasha akakabidhiwa kondakta wa basi la Dar es Salaam, aliyepewa cha soda ili asiisahau chini ya kiti. Asubuhi iliyofuata watu walisimama kwenye meza ya magazeti wakisoma vichwa vya habari bure, mikono nyuma, lakini hawakukosekana walionunua, maana hapakuwa na njia nyingine ya kujua bao lilifungwaje.

Njia nyingine zilipopatikana, zilikuja kwa mfululizo. Vituo vya redio vilikuwa vimeshazoea kuwasomea watu magazeti kila asubuhi, tena wengine walisoma mpaka habari za kurasa za ndani, mpaka baadaye, mwaka 2017, serikali ikavitaka viishie kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2013 ikaja Azam TV na kuanza kuonyesha Ligi Kuu, na mwaka 2021 ikasaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyeliona bao sebuleni kwake, tena kwa marudio ya pole pole, hana sababu ya kutoa fedha kesho yake ili nimweleze kwamba mpira ulimgonga beki. Klabu kubwa nazo zikawa na maafisa habari ambao ni maarufu kuliko wachezaji wengi, wanaotangaza usajili usiku wa manane kwenye kurasa zao wenyewe, na mwandishi aliyekuwa akisubiri mlangoni mwa klabu akajikuta anasubiri kwenye simu kama shabiki mwingine yeyote.

Lakini kuna ngazi ambayo kamera hazifiki na maafisa habari hawapo: ligi ya mkoa, ligi za wilaya na mashindano ya mitaani, yaani ndondo. Huko ndiko magazeti yalikuwa yakitupatia aya mbili chini ya tangazo la sabuni, na ndiko yalikokata kwanza.

Nikiri kwamba ule ushauri wa video niliujaribu, kwa kuwa kila aliyenishauri alikuwa na binamu aliyefanikiwa kwa njia hiyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimeshaifanya chaneli ya habari kuwa kitu cha kuombea leseni na kulipia, kwa hiyo nilipata hifadhi kwenye ukurasa wa redio moja ya hapa mjini yenye leseni yake. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea stendi ya nondo, ndefu kunizidi, ili simu ione juu ya vichwa vya watazamaji. Mchezo wenyewe ulikuwa fainali ya ndondo upande wa Makorora, na mshindi alikuwa achukue mbuzi na seti ya jezi. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama, isipokuwa upepo wa bahari ulivuma ndani ya maikrofoni mpaka waliokuwa wakifuatilia wakauliza kama huku mvua inanyesha. Wakati wa mapumziko mjumbe mmoja wa kamati, akitafuta kitu imara cha kumfungia mbuzi, aliona stendi yangu.

Mimi nilikuwa upande wa pili nikimhoji kocha. Dakika za mwisho, matokeo yakiwa sare, mwamuzi akatoa penalti, uwanja mzima ukaingiwa na wazimu, na mbuzi naye akaona ni wakati muafaka wa kuondoka. Watu waliokuwa wakitazama nyumbani waliona anga, kisha vumbi, kisha pua ya mbuzi kwa ukaribu ambao hakuna mpiga picha wa wanyama angeupata. Sauti za kushangilia zilisikika, bao lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyejua limefungwa na nani. Huyo mbuzi ndiye aliyeniletea watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kurusha, na yule mhariri alinipigia simu kunipongeza, akanisihi niendelee na mambo ya namna hiyo.

Kilichonishtua kilikuwa kwenye maoni chini ya video. Baada ya kicheko kupoa, watu walianza kugombana juu ya mfungaji. Wengine walisema ni Kiberiti, wengine wakasema Kiberiti alikuwa ameshatolewa na aliyepiga ni mdogo wake, na mmoja akaandika kutoka Muscat akiuliza kama kijana huyo ni mtoto wa dada yake wa Ngamiani. Usiku ule niliandika kwa maneno matupu vikosi vyote viwili, majina kamili, walioingia, waliotoka, na dakika ya bao. Ujumbe huo ulizunguka kwenye makundi ya familia kwa siku kadhaa, na watu walikuwa wakinisimamisha barabarani kunisahihishia herufi.

Hapo ndipo biashara yangu ilipozaliwa. Matokeo hayauziki tena, ila jina la mtoto wa mtu, likiwa limeandikwa sawasawa kwenye karatasi, linauzika vizuri sana. Kuchapisha gazeti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, kwa hiyo sikuchapisha gazeti. Nilikubaliana na kamati za mashindano watoe programu ya mchezo kwa jina lao wenyewe, karatasi moja iliyokunjwa katikati, yenye vikosi, msimamo na orodha ya wafungaji, kazi ya kuiandaa ikiwa yangu na mauzo tukigawana. Duka la jezi, kinyozi, fundi simu na mama wa supu wanalipia matangazo pembeni. Anayelipa elfu kumi anapata kona, anayelipa zaidi anapata ukurasa wa nyuma, na mama wa supu hulipa kwa supu. Karatasi yenyewe ni mia tano. Mchezaji mmoja akianza kikosi cha kwanza, nina uhakika wa nakala nne au tano kwake kabla ya shangazi zake kufika.

Kuyapata hayo majina ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hakuna chuo cha uandishi kinachoifundisha. Fomu anayokaa nayo kamisaa, msimamizi wa mchezo, ina jina moja, mgongoni mwa jezi pana jina jingine, na watazamaji wanamwita kwa la tatu. Kwenye ndondo kuna tatizo kubwa zaidi, ambalo ni mamluki: kijana wa timu ya ligi daraja la pili anayechezea mtaa usio wake kwa jina la mtu aliyelala nyumbani. Viongozi wa timu hawapendi kabisa kuniona na daftari. Nilihangaika nao mpaka nilipogundua kwamba anayejua kila kitu ni binti anayeuza barafu za ubuyu kwenye kona ya uwanja, kwani wachezaji wote wanamdai au anawadai. Huyo hunitajia jina, baba, mtaa na shule ya msingi. Nikishajua kwamba aliyevaa namba tisa si yule wa kwenye fomu, siandiki la fomu wala silitoi hadharani la kweli kabla ya kamati kuliamua. Naandika namba ya jezi tu na kuacha nafasi wazi, na nafasi hiyo wazi imeshazua kesi nyingi kuliko makala zangu zote za uchunguzi. Jina la tatu la mchezaji, ndugu msomaji, uliza akiwa bado anafunga kamba za viatu. Akishafunga bao hutamfikia.

Madaftari hayo nimeyatunza tangu enzi za gazeti, na sikutegemea yangekuwa mali. Beki Bakari Mwamnyeto alipotoka Coastal Union kwenda Yanga mwaka 2020 ndipo simu za watangazaji wa Dar es Salaam zilipoanza kuja mara kwa mara, na baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ya mwaka 2022 pale Arusha, ambapo Abdul Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu na Coastal bado wakapoteza kwa penalti, simu yangu haikupumzika. Kila kituo kilitaka kujua vijana wa Coastal wametokea wapi, nani aliwahi kuwafundisha, walifunga mangapi walipokuwa wadogo. Mwanzoni nilitoa bure, nikifurahia kusikia jina langu hewani likitamkwa vibaya. Siku hizi natuma nusu ukurasa, na fedha hutangulia kwa simu. Wanalalamika kwamba habari ni za wote. Ni kweli, na uwanja nao ni wa wote, lakini aliyesimama juani akihesabu kadi za njano ni mimi.

Jambo moja ambalo wenzangu wananilaumu ni kukataa nauli ya klabu. Gazeti lilipokuwa likilipa, hata kama lilichelewa, mtu aliweza kuandika kwamba timu imecheza ovyo. Sasa mwandishi wa mkoani anapanda basi la timu, analala walikolala, na bahasha anapewa mlangoni. Ripoti ya kipigo cha mabao manne inageuka kuwa "wamepoteza kwa heshima". Sisemi kwamba mimi ni malaika. Supu ya mama wa supu ninaila, na hujapata kusoma kwangu neno lolote baya kuhusu supu yake.

Msimu huu nataka kuziingiza wilaya za Muheza, Korogwe na Pangani, na nimeshaanza kutafuta vijana huko. Siwataki wachambuzi, wamejaa. Namtaka mtu anayefika uwanjani kabla ya timu, mwenye hati ya kusomeka, asiyeogopa kumuuliza refa jina lake. Malipo ni kwa kila mchezo, si makubwa, na hutoka Jumatatu mchana nikishakusanya za matangazo; Pangani nitaongeza kidogo kwa ajili ya barabara.