Siku moja maishani mwangu: kufundisha Kiswahili kwa wageni chuoni, na makala ya utafiti mkononi

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kipindi, dakika 20 za kusoma makala. Naanzia sehemu ya mbinu: waliochunguzwa ni akina nani, wana umri gani, wanajifunza katika mazingira gani. Ya leo ni ya Roy Lyster na Leila Ranta, 1997, kuhusu walimu wanavyosahihisha makosa ya kusema. Walirekodi watoto wa shule nchini Kanada waliokuwa wakifundishwa kwa Kifaransa. Asilimia 55 ya masahihisho yalikuwa mwalimu kuirudia sentensi ya mtoto akiwa ameinyoosha, na asilimia 31 tu ya hayo ndiyo yaliyoitikiwa. Mwalimu alipoanza sentensi akamwachia mtoto amalizie, mtoto aliitikia kila mara, japo mara nyingi bado alikosea.

Watoto wa Kanada si watu wazima wa Dar es Salaam. Nachukua swali la watafiti hao: sahihisho lipi mwanafunzi huliitikia? Jibu nitalitafuta darasani kwangu.

Saa 2. Ngeli. Mwanafunzi anasema, "Kitabu yangu imepotea." Ukimjibu, "Aa, kitabu chako kimepotea? Pole," atasema asante: amesikia pole, hakusikia *chako*. Afadhali useme "Kitabu…?" kisha unyamaze. Hapo ndipo walimu wengi tunaposhindwa. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua, katika masomo ya sayansi, kwamba mwalimu hungoja kama sekunde moja tu. Akifikisha 3, majibu huwa marefu zaidi. Hesabu kwa vidole chini ya meza. Ila ukimkatiza mtu kwa kila kosa, mazungumzo yanakufa, kwa hiyo leo ni KI-VI peke yake. Makosa ya U-I yapite.

Saa 4. Nasikiliza dakika 10 za kipindi, nilizorekodi kwa simu kwa ridhaa ya wanafunzi. Usinakili kila neno, utamaliza asubuhi nzima. Chora safu tatu: kosa, alichofanya mwalimu, alichofanya mwanafunzi. Weka alama tu.

Saa 6, kikao cha idara. Tukipite.

Saa 8. Mwenzangu anataka tuache kusahihisha sarufi kwenye insha kwa kuwa "utafiti umesema haisaidii." Aliyesema hivyo ni mtafiti John Truscott, 1996, mwaka 1999 mtafiti mwingine, Dana Ferris, akampinga, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Tena tafiti nyingi za namna hii ni za wanaojifunza Kiingereza, lugha isiyo na upatanisho wa ngeli wa kutuumiza vichwa.

Saa 10. Natunga jaribio la wiki ijayo, maana kuitikia papo hapo si kujifunza. Sentensi 8, na neno *kitabu* halimo: *kisu, kikombe, kiatu, kiti*. Wakipewa tena kitabu watakariri "kitabu changu kimepotea" nawe utadhani wameelewa. Naongeza *kijana* na *kiongozi*, ambayo huanza na ki- lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Atakayeandika "kiongozi changu" anafuata sauti tu, na huyo ndiye wa kuanza naye Jumatatu.