Siku moja maishani mwangu: katibu wa kamati, msimu wa bajeti ya ulinzi

Saa kumi na moja alfajiri

Simu inaanza kuita kabla sijanawa uso. Mheshimiwa mmoja anataka kujua kikao ni saa tatu au saa nne. Saa tatu, Mheshimiwa. Haya, ahsante Katibu.

Mimi ni katibu wa kamati katika Ofisi ya Bunge, Dodoma, na kamati ninayoihudumia ndiyo inayopitia mambo ya nje, ulinzi na usalama. Kila mwaka, kabla mawaziri hawajasimama bungeni kusoma hotuba zao, kamati za kisekta hukaa na wizara na kupekua bajeti ukurasa kwa ukurasa. Wananchi huona hotuba kwenye televisheni. Huku tunakohangaika hawakuoni, na kwa upande wa ulinzi vikao vinafanyika milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo kila mtu ana maelezo yake. Majirani zangu wa Ipagala wanaamini tunakunywa chai, tunasaini posho, na jeshi likitaja kiasi linachotaka hakuna wa kufungua mdomo. Maneno hayo yananiuma, ndiyo maana naandika.

Niseme mapema: hakuna tarakimu ya ndani ya randama, yaani kabrasha la maelezo ya bajeti ambalo wizara huiletea kamati, utakayoikuta hapa. Nilikula kiapo cha kutunza siri na nakiheshimu. Ninachoeleza ni kazi yenyewe.

Saa moja kasorobo

Masjala. Nyaraka nyingi za Bunge siku hizi waheshimiwa wanazisoma kwenye vishikwambi, lakini hizi zenye mhuri wa siri zinakuja kwa karatasi. Kila nakala ina namba, na kila namba ina jina la mbunge. Nazihesabu mbele ya afisa wa masjala, nasaini, nazibeba. Jioni zinatakiwa zirudi zote.

Saa mbili

Nakaa na mchambuzi wetu wa bajeti, kijana aliyeletwa kwenye kamati msimu huu. Anaijua hesabu kuliko mimi. Namwonyesha tu pa kutazama.

Bajeti ya ulinzi iko kwenye mafungu matatu: Fungu 38 ni Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Fungu 39 ni Jeshi la Kujenga Taifa, na Fungu 57 ni wizara yenyewe. Mtu wa nje akisikia "Bunge limepitisha bajeti ya jeshi" anadhani fedha zimeshafika kambini. Bado. Kuna kiasi kilichoidhinishwa, kuna kilichotolewa na Hazina, kuna kilichotumika, na kuna kinachodaiwa. Chukua mfano wa shilingi mia za mradi. Bunge likaziidhinisha zote, mwezi Machi ukifika zikawa zimetolewa arobaini, zimetumika thelathini na tano, na mkandarasi anadai ishirini. Swali la maana limejificha kati ya tarakimu hizo nne, na mbunge hawezi kuliona kama hakuna aliyezipanga pamoja mbele yake. Hiyo ndiyo kazi yetu ya saa hizi za asubuhi, kuzipanga pamoja.

Leo kijana ameona kitu. Kuna taasisi moja, sitaitaja na tafadhali msijaribu kuikisia, ambayo muhtasari wake mwanzoni mwa randama unaonyesha deni la wazabuni la kiasi fulani. Jedwali la nyuma, ukilijumlisha mstari kwa mstari, linatoa kiasi kingine, na tofauti si ya makosa ya kuandika. "Dada, nimejumlisha mara kadhaa," ananiambia. Nikakaa nikajumlisha na mimi. Jibu lilelile. Tukaandika nusu ukurasa kwa ajili ya Mwenyekiti.

Saa tatu

Akidi, ile idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiendelee, imetimia, dua imesomwa, wajumbe wa taasisi wameingia. Wamejaza safu mbili, wenye kombati mbele na wenye suti nyuma. Wasilisho likachukua muda wake.

Saa nne hivi

Hapa ndipo siku ilipogomea.

Mwenyekiti akauliza kwa upole tu: deni la wazabuni ni lile la muhtasari au la jedwali? Mhasibu wao akafungua kabrasha, akafunga, akafungua tena. Kisha akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, suala hilo ni nyeti kiusalama."

Naomba nilieleze hili bila jazba, maana watu wa pande zote mbili hulikosea. Siri ya jeshi ipo na inastahili kuwepo. Hakuna mbunge wa kamati ninayemfahamu anayetaka idadi ya silaha ipite mtaani. Hata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilitenganisha manunuzi ya vyombo vya ulinzi kwenye orodha mbili, yale ya wazi na yale yenye zuio. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe ilikubali kuwa blanketi, magodoro na unga si rada wala kombora. Deni lililokuwa mezani lilikuwa la chakula na mafuta. Na Kitabu cha Pili cha makadirio, kile cha matumizi ya kawaida ya wizara, ni waraka wa wazi. Kinawekwa mezani bungeni, na mafungu yote matatu yamo ndani yake pamoja na jumla zake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, kitabu unacho?" Ninacho. Nikampelekea kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa.

Mheshimiwa mmoja mtu mzima, anayeongea kwa nadra, akaomba nafasi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sijauliza idadi ya vifaru. Nauliza, mama aliyeleta maharage kambini mwaka juzi atalipwa lini?"

Ukumbi ukanyamaza. Afande aliyekaa mbele akamnong'oneza mhasibu, kisha akasimama yeye mwenyewe na kusema kiambatisho chenye ufafanuzi kipo, ila kimebaki ofisini kwao Mtumba. Aliomba muda kiletwe. Nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu angeweza kuendelea kujificha nyuma ya lile neno.

Tukasubiri.

Kutoka Mji wa Serikali Mtumba hadi Bungeni si mbali kwa gari, lakini ukiwa na kamati nzima imekaa, na wizara nyingine inasubiri zamu yake nje, dakika zinakuwa nzito. Nilipigiwa simu na wale wa nje: tuingie? Bado. Nikapigiwa tena: tuondoke turudi mchana? Msiondoke. Waheshimiwa wawili wakaanza kusema wana wageni kutoka jimboni. Wakitoka, akidi inavunjika, na akidi ikivunjika siku nzima imepotea, kwa hiyo nikaenda kwa mmoja mmoja: Mheshimiwa, nakuomba, dakika ishirini tu. Mwingine alinikaripia mbele ya watu kana kwamba kiambatisho nilikisahau mimi. Sikujibu. Nikaagiza chai iletwe mapema, na hiyo ndiyo chai mnayoisikia mtaani.

Wakati wa kusubiri kijana akaniuliza kwa nini Mwenyekiti ameling'ang'ania deni la chakula wakati kuna miradi mikubwa zaidi. Nikamwambia ajiweke kwenye nafasi ya mzabuni. Ukishacheleweshewa malipo miaka miwili, zabuni ijayo unapandisha bei ili kufidia ule muda. Mwenye mtaji mdogo anaacha kabisa, anabaki mkubwa mwenye uwezo wa kungoja, na akishabaki peke yake anataja bei anayotaka. Mwisho jeshi linanunua gunia lilelile kwa bei ya juu, na askari anakula kidogo kwa fedha nyingi.

Halafu nikamsimulia habari ya rada. Alikuwa mtoto wakati ule. Nchi ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, na leseni ya kuiuza nje ikatolewa na serikali ya huko mwishoni mwa 2001. Clare Short, waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga waziwazi, na wataalamu wa usafiri wa anga walisema ni ghali na haiendani na mahitaji yetu. Ikanunuliwa. Mwishoni mwa 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo ya mauzo hayo, ikatozwa faini ya pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikaja kwa ajili ya Watanzania. Zilinunua vitabu na madawati. Watu wakaziita chenji ya rada na wengi walifurahi. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba kosa lililothibitishwa lilikuwa la kumbukumbu za hesabu, na kwamba ilihitajika mahakama ya nchi nyingine, miaka kadhaa baadaye, kusema kilichopaswa kuulizwa mezani kabla fedha haijatoka. Kijana hakusema kitu. Akarudi kwenye jedwali lake.

Gari likafika. Kiambatisho kikaingia. Nikakifungua kukisajili, kumbe ni cha mwaka wa fedha uliopita.

Sitaki kueleza sana sura za watu. Dereva akarudi Mtumba. Mwenyekiti, kwa busara ambayo namshukuru nayo, aliitumia nafasi hiyo kuingiza wizara iliyokuwa nje, tukasikiliza wasilisho lao hadi karibu saa saba, na wale wa kwanza wakasubiri wao sasa. Kiambatisho sahihi kilipofika, kilionyesha kwamba baadhi ya madeni yaliyokuwa kwenye jedwali yalikuwa hayajahakikiwa, hivyo muhtasari ulikuwa umeyaacha nje. Maelezo hayo yana mantiki. Yangeandikwa mstari mmoja chini ya jedwali, watu wote hawa wasingepoteza asubuhi. Kamati ikaagiza jedwali jipya linalotenganisha deni lililohakikiwa na lisilohakikiwa, liletwe kesho.

Mchana

Sikumbuki vizuri nilikula nini. Kikao cha mchana kilikuwa kirefu na miguu ilishaanza kuvimba.

Mheshimiwa wa kutoka Dar es Salaam aliuliza kuhusu maghala ya silaha. Swali hilo linarudi kila msimu, na halinichoshi kuliandika. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya Mbagala yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 yakafuata ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na wengine wengi walipoteza nyumba. Hapo ndipo unapoona kwamba fungu la matengenezo, lenye jina la kuchosha na tarakimu isiyovutia, linamhusu mtu anayelala upande wa pili wa uzio. Majibu aliyopewa yatabaki ndani. Kwamba aliuliza, akabanwa na muda, akakataa kukaa mpaka ajibiwe, hilo mlijue.

Ikaja zamu ya ulinzi wa amani. Vijana wetu wamepelekwa Kongo na kwingineko, na tuliwapoteza wengi kwenye shambulio la Semuliki, hukohuko Kongo, Desemba 2017, kwa hiyo mjadala huu unaanza kwa sauti ya chini. Lakini una hesabu pia. Umoja wa Mataifa hauwalipi askari moja kwa moja. Unairudishia serikali iliyowatuma kiwango kwa kila askari kwa mwezi, ambacho Julai 2022 kilipandishwa hadi dola 1,448. Magari na mitambo hulipiwa mbali, na wakaguzi hupita kila robo mwaka. Gari lisilowaka linakatwa kwenye malipo. Kwa hiyo mbunge akiuliza "magari mangapi yanatembea?", anauliza kuhusu usalama wa askari aliye porini na kuhusu mapato ya nchi kwa pumzi moja. Nikamwona afande akitabasamu kidogo. Ni swali ambalo na wao wanapenda kuulizwa, kwa sababu bila fungu la vipuri hawana la kufanya.

Kikao kilifungwa jua likizama. Nikakusanya nakala. Moja haikuwepo.

Nikarudi viti vyote, nikainama chini ya meza, nikampigia simu mwenye ile namba. Hakupokea. Nikakaa mlangoni na askari wa zamu kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, hadi mheshimiwa akanipigia mwenyewe: yuko nayo, alitoka nayo ndani ya kabrasha lake, anairudisha. Akairudisha. Nikapeleka masjala, nikasaini.

Usiku

Bajaji hadi nyumbani. Wanangu wameshakula, mkubwa amenifunikia wali. Nafungua kompyuta kuandika rasimu ya taarifa, ile ambayo Mwenyekiti ataisoma bungeni baada ya hotuba ya Waziri. Mambo ya siku nzima yanaingia kwenye kurasa chache ambazo kila mtu ataweza kuzisoma, kwa hiyo kila sentensi napima: je, inafichua lisilotakiwa? Je, inaficha linalotakiwa? Kuhusu deni nimeandika kwamba Kamati inaishauri Serikali kukamilisha uhakiki wa madeni ya wazabuni na kuweka ratiba ya kuyalipa, kisha nikaongeza kwamba kuanzia mwaka ujao randama ionyeshe deni lililohakikiwa na lisilohakikiwa kwa mistari tofauti.

Hilo la mwisho halikutamkwa na mjumbe yeyote kwa maneno hayo, hivyo sina ruhusa ya kulipitisha peke yangu. Nikamtumia Mwenyekiti ujumbe. Alijibu saa sita kasoro: "Liache. Kesho tuanze na jedwali lao kabla ya wasilisho lolote, na waambie mhasibu aje yeye mwenyewe."

Nimeshabadilisha ratiba na kuituma kwa wajumbe wote.