Mshahara Ulipanda, Miezi Ikapungua

Barua ya kupandishwa cheo niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Ili hesabu ifuatike kirahisi, nitasema mshahara wangu wa zamani, baada ya makato yote, ulikuwa 100 kwa mwezi. Mpya ulikuwa 150. Wakati ule matumizi yangu mimi na mwanangu yalikuwa 90, na nilikuwa na akiba ya 270, yaani tungeweza kuishi miezi 3 hata kama mshahara usingeingia. Niliamini kwa moyo wote kwamba shida zetu za fedha zimekwisha.

Miezi 7 baadaye matumizi yetu yalikuwa 150 kamili. Na sikufanya lolote la ajabu. Tulihamia nyumba yenye chumba cha ziada, kwa sababu mtoto alikuwa amekua na alihitaji mahali pa kusomea. Nilichukua gari kwa mkopo, kwa sababu safari ya kwenda kazini ilikuwa inanila saa tatu kila siku. Afisa wa mikopo aliitazama hati yangu mpya ya mshahara, na kiwango cha mkopo ninachostahili kikapanda hapo hapo. Malipo ya awali ya nyumba na ya gari nikayatoa kwenye akiba, jumla 210, huku nikijiambia kwamba kwa mshahara huu nitazirudisha upesi. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa na sababu nzuri. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichelewe kuona.

Kisha mshahara ulichelewa siku 19. Mwajiri alitoa maelezo, lakini mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuyasikiliza, na tarehe ya rejesho la mkopo ilibaki pale pale. Nilimpigia mdogo wangu, ambaye mshahara wake haukufika hata nusu ya wangu. Sauti ilikuwa inanitetemeka.

"Dada, usihangaike, natuma sasa hivi," akasema. "Mimi ninayo ya miezi mitano."

Hakusema ana kiasi gani. Alisema ana *miezi* mingapi. Usiku ule nilikaa mezani na daftari, na kwa mara ya kwanza nikaipima akiba yangu kwa miezi. Nilikuwa na 60. Kwa matumizi ya 150 kwa mwezi, hizo ni siku 12. Mshahara ulichelewa siku 19.

Lakini kilichonishtua zaidi ni hesabu ya pili. Nilijiuliza: je, kama nisingeigusa ile 270 hata kidogo? Igawe kwa 150: mwezi 1 na siku 24. Fedha ni zile zile, akaunti ni ile ile, ila akiba iliyokuwa ya miezi 3 sasa haifiki hata miezi 2, kwa sababu tu maisha yetu yamekuwa ghali zaidi. Nyongeza inayoliwa yote haikuachi pale ulipokuwa. Inakurudisha nyuma, maana kila ulichokiweka zamani sasa kinabeba mzigo mkubwa zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kuliona likifanya kazi nyumbani kwangu.

Sikuhama nyumba. Gari nalo sikuliuza: nilipiga hesabu nikaona ningepata pungufu ya deni lililobaki. Nilichoamua ni kwamba nyongeza inayofuata haitanikuta bila mpango.

Ilikuja mwaka uliofuata, kutoka 150 hadi 165. Kabla ya kuifurahia niliichunguza kwa mambo mawili. La kwanza ni kodi. Penye kodi ya ngazi, yaani ile ambayo sehemu ya juu ya mshahara hukatwa kwa kiwango kikubwa kuliko sehemu ya chini, nyongeza inakaa juu kabisa ya mshahara, kwa hiyo inakatwa kwa kiwango cha ngazi ya juu unayoifikia, na asilimia iliyoandikwa kwenye barua huwa kubwa kuliko itakayofika mkononi. (Mwenzangu mmoja kazini alitaka kuikataa nyongeza yake akihofia kwamba akiingia ngazi ya juu mshahara wote utakatwa zaidi. Sivyo. Kiwango cha juu kinagusa tu ile sehemu iliyovuka mpaka. Nilikaa naye tukaandika hesabu mpaka akaridhika, na nafurahi nilifanya hivyo.) La pili ni bei. Mshahara ukipanda kwa asilimia 5 wakati bei za vitu zimepanda kwa 6, hujaongezwa kitu.

Ya kwangu ilizidi kupanda kwa bei, ingawa si kwa mengi. Basi kabla mshahara mpya wa kwanza haujaingia, niliiandikia benki agizo la kudumu: siku ile ile mshahara unapofika, 10 zihamie akaunti nyingine isiyo na kadi. Zilizobaki 5 nikaziachia matumizi.

Hilo la *kabla* ndilo naliona muhimu kuliko yote. Nimewahi kujaribu kuweka akiba kwa kupunguza matumizi niliyokwisha kuyazoea, na kila mwezi ilikuwa kama kunyang'anywa. Fedha ambayo hujawahi kuishika haiumi ikienda kando. Baadaye nilisoma kwamba wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walilijaribu jambo hili hili kwa wafanyakazi: waliwaomba wakubali mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba ya uzeeni. Katika kampuni ya kwanza, waliokubali walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Niliposoma nilihisi nimepata mtu wa kuniunga mkono.

Mkopo wa gari uliisha miezi 14 baadaye. Rejesho lilikuwa 22 kwa mwezi. Nilijua kwamba nikiliacha hata mwezi mmoja litatafuta mahali pa kujificha, kwa hiyo nikabadilisha agizo la benki siku ile ile ya rejesho la mwisho: kutoka 10 hadi 32. Tulikuwa tumezoea kuishi bila hiyo 22, na tukaendelea hivyo hivyo. Nyongeza ya tatu, kutoka 165 hadi 190, niliigawa karibu nusu kwa nusu.

Sitaki mtu adhani tuliishi kwa kujibana. Ukiliondoa rejesho la gari, matumizi yetu yalipanda, ila nilichagua yapandie wapi. Nilinunua godoro zuri baada ya miaka ya kuumwa mgongo. Nilitibu meno yote niliyokuwa nikiyaahirisha. Mwanangu alipata miwani mipya bila kusubiri mwisho wa mwezi. Vitu vya namna hii unavilipia mara moja, kisha vinakaa vikikuhudumia. Ninachokiogopa hadi leo ni ahadi ya kila mwezi: pango kubwa zaidi, mkopo mpya, malipo yanayojikata yenyewe. Godoro halinidai kitu nikikosa kazi. Na furaha ya chumba cha ziada, nasema kweli, tuliizoea kabla hata ya kumaliza kupanga vitu.

Baada ya miaka 3 na nusu tangu ule usiku wa daftari, matumizi yetu yalikuwa 145 kwa mwezi na akiba ilikuwa imevuka miezi 9. Mdogo wangu nilimrudishia fedha zake zamani, ila desturi ya kuulizana "una miezi mingapi?" tumebaki nayo.

Kisha idara yetu ilifungwa. Niliitwa ofisini asubuhi, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimerudisha funguo. Jioni nilimweleza mwanangu, nikamwonyesha na ukurasa wa daftari wenye ile namba. Aliutazama kwa muda, akauliza kama atabaki shule ile ile. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa namfariji tu.

Kazi ya kwanza niliyopewa niliikataa, kwa sababu masharti yake yalikuwa mabaya na sikuwa na haraka ya kuyameza. Mwezi wa tano nilipata nyingine. Mshahara wake ni 167, pungufu ya ule wa mwisho kwa asilimia 12, na hatukulazimika kubadilisha chochote nyumbani. Wiki ya kwanza kazini niliiandikia benki agizo jipya, la 22.