Kasha la khalati halikupanda ngazi

Nyumba yetu hapa Leicester ni ya matofali, imebanwa na za majirani kulia na kushoto, na ngazi yake ni nyembamba hata watu wawili wakikutana katikati, mmoja hana budi kurudi alikotoka. Nalijua hilo tangu siku tuliyohamia. Lakini Februari iliyopita, niliposimama Kibokoni, Mombasa, chumbani kwa khalati yangu, ndugu wa mama, mbele ya kasha ninalolijua tangu sijaota meno, ngazi ile haikunijia akilini.

"Lichukue, mwanangu," khalati akasema. "Hapa lanila nafasi tu, na mende washalifanya kwao."

Alikuwa amenunua kabati jipya la mbao za kubandika, lenye kioo mlangoni. Kasha lilikuwa limesukumwa pembeni, juu yake zimepangwa ndoo za maji za siku ambazo mfereji hukauka.

Ni kasha la msaji, limepigwa misumari ya shaba kwa nakshi ya maua, na chini lina droo tatu. Ukifunua, ubavuni kushoto mna kijisanduku chenye kifuniko chake, ambamo bibi alikuwa akiweka dhahabu, udi na karatasi za nyumba. Haya huitwa makasha ya Zanzibar, nasi wenyewe tumezoea kusema hivyo, lakini mengi ya zamani yalitengenezwa India, Surat na pwani ya Malabar, yakaja na majahazi kwa upepo wa kaskazi. Bibi aliingia nalo kwa mumewe siku ya harusi yake. Kabla ya kuwa pambo lilikuwa benki.

Nikiri kwamba sikuanzia kwa khalati. Nilianzia madukani, kama mgeni. Miaka kumi na tatu Uingereza imenitia ugonjwa wa kupenda vitu vya kale, na nilikuja na orodha: kasha, viti viwili, chetezo cha shaba, mrashi, mkeka wa ukindu wa ukweli. Siku mbili nzima nilizunguka Ndia Kuu na vichochoro vya karibu na Fort Jesus. Duka moja lilikuwa na kasha zuri ajabu, jeusi, linang'aa. Muuzaji akaniapia kwamba lina miaka mia mbili. Bei aliyotaja ingenunua boda boda.

Siku ya pili nikamchukua khalati. Aliingia na buibui lake, akaamkua, akakubali kikombe cha kahawa. Kisha akavuta droo moja mpaka ikatoka yote, akaigeuza. Chini ilikuwa plaiwudi, safi, haina hata doa. Akatazama bawaba: skurubu zenye kichwa cha msalaba. Akapitisha kidole kwenye ubavu, kikatoka cheusi. Mwisho akatia kichwa ndani akanusa, na nje akatoka anapiga chafya.

"Rangi ya viatu," akaniambia, tena kwa sauti. "Hili ni umri wa mjukuu wangu, yule wa darasa la nne."

Muuzaji mwenyewe alicheka. Bei ikashuka mara nne hapo hapo, lakini khalati alikwisha kunishika mkono. Sina ugomvi na kasha jipya, nieleweke. Mafundi wa Lamu wanachonga mpaka leo, na kazi yao inastahili pesa nzuri. Bali liuzwe kwa umri wake.

Viti sikupata. Nilichokuwa nataka hasa ni kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo na kikalio cha kamba zilizosukwa, ambacho zamani kiliwekwa barazani au ukumbini akalie mgeni wa heshima. Vya zamani vimebaki makumbusho na katika nyumba ambazo hazitaki kuviuza, na haki yao. Kimoja nilikutana nacho huku huku Uingereza, mnadani, kimepambwa vipande vyeupe. Mfupa au pembe ya ndovu? Mfupa ukiutazama kwa kioo cha kukuza una vitundu na vijistari vyeusi. Pembe haina hivyo, ina mistari inayopishana kama wavu. Ile ilikuwa na wavu. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza imefunga karibu biashara yote ya pembe, isipokuwa vitu vichache vilivyosajiliwa, na hata ingeruhusu, nisingeweza kukaa juu yake nikanywa chai.

Kasha la khalati nalo halikuondoka hivi hivi. Wale mlioko nje mnaotaka kubeba vitu vya nyumbani, sikilizeni hapa: kwa sheria ya Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni mali ya kale, na hakitoki bila kibali. Mwaka huo ndio Waingereza walipotangaza himaya yao pwani na bara. Bibi aliolewa mwaka 1938, na kasha lilikuwa jipya siku hiyo, kwa hivyo tuliponea. Hata hivyo nililipiga picha kila upande na kuuliza kwanza. Bora aibu ya kuuliza kuliko aibu ya bandarini.

Lilifika baada ya miezi mitatu. Wabebaji wawili walilipandisha ngazi tano, likakwama. Wakaligeuza, likakwama. Mume wangu akapendekeza tuling'oe miguu, nikamtazama tu akanyamaza. Likarudi chini, na sasa liko sebuleni, chini ya dirisha, limejaa mablanketi na nyaya za michezo ya watoto. Kando yake kuna kabati la mwaloni la enzi za Victoria nililolipata kwa pauni 60 kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Wajukuu zake hawalitaki, aliniambia, wanapenda vya kuunga kwa skurubu. Nilimkumbuka khalati na kabati lake la kioo.

Ukutani ndiko nilikoharibu. Nilikuwa nimenunua leso, ndiyo kanga, Biashara Street, pale kwenye duka la Mali ya Abdulla ambako mama yangu alinunua zake, na bibi naye zake, nikaitia fremu na kuitundika mkabala wa mlango. Rangi zake zilikubaliana na zulia. Jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, sikulifikiria. Siku ya Idi akaja jirani yetu wa Unguja na sinia la vileja, akaingia, akainua macho, akasoma: HASIDI HANA SABABU. Aliketi ukingoni mwa kiti dakika kumi, akaaga. Ilinibidi niende kwake siku ya pili nikaeleze kwamba leso ile haikumlenga mtu. Hakuniamini sana. Nani hutundika leso bila ya kumlenga mtu?

Na kuna kitu kimoja ambacho hakitaingia nyumbani mwangu hata kwa zawadi. Katika maonyesho ya sanaa London niliona kigango kimesimamishwa juu ya kibao cheupe, na taa imekimulika. Wasomaji wa bara huenda hamvijui. Ni nguzo ya mbao iliyochongwa, kichwa cha mviringo, kifua kimejaa pembetatu, ambayo Wamijikenda humsimamishia marehemu aliyekuwa wa chama cha wazee kiitwacho Gohu. Roho ya mzee imewekewa makao pale. Haing'olewi. Rafiki yangu wa shuleni, Mrabai, nao ni Wamijikenda, alinieleza kwamba kwao hata ikiliwa na mchwa huachwa pale pale. Lakini viliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa watalii, mpaka vikajaa majumba ya Marekani. Viwili vilivyoibwa 1985 vilirudishwa Kenya 2007, kutoka jumba la makumbusho na chuo kikuu. Kile cha London kilikuwa na kibandiko cha bei na maneno "pambo la bustani". Nilimwambia mwenye meza kwamba anauza kaburi la mtu. Akanipa kadi yake ya biashara.

Vingine vyote ni vidogo: chetezo, mkeka, kawa la ukindu nililolipachika juu ya meko ya zamani ambayo hatuwashi, na mbuzi ya kukunia nazi ya mti wa mwembe, ulimi wake umeliwa na kazi ya miaka. Mbuzi nimeiweka kwenye kona na chungu cha maua juu yake. Wageni wa hapa huisifu kuliko kasha.

Wiki jana khalati akapiga simu ya video, anataka kuona kasha limekaaje. Nikamzungusha sebule nzima. Kasha akalipitisha. Fremu ya leso akaisoma akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nirudi nyuma kidogo.

"Lile ukutani ni kawa?"

"Ndiyo, khalati."

"Na mbuzi imebebeshwa maua."

"Ndiyo."

"Na wali wafunikia nini?"

"Sahani."

Akanyamaza kidogo.

"Hebu nipe mumeo nizungumze naye."