Usimalize klia ya gari yako kwa kupiga bafingi kila mwezi

Wadau, naandika hii kwasababu kuna meseji za aina moja nazipata sana. Mtu anatuma picha ya gari nyeusi imekaa juani, imejaa ile mikwaruzo ya duara duara, anauliza fundi hii kuipiga bafingi (kuisugua kwa mashine na dawa ya kung'arisha) shilingi ngapi, na mimi swali langu la kwanza siku zote ni moja, mara ya mwisho imepigwa lini? Anajibu mwezi uliopita. Na kabla ya hapo? Mwezi mwingine nyuma yake, kuna jamaa pale kawosh ana mashine, kila gari ikienda kuoshwa anaipitishia bafingi kidogo ili ing'ae. Aisee hapo huwa naumia kweli, maana huyo mtu analipa hela yake ili rangi ya gari yake imalizwe taratibu na hana habari.

Ngoja nieleze. Gari nyingi tunazoendesha hapa Dar, hizi zinazoshuka bandarini kutoka Japani, kina IST, Harrier, Crown, X-Trail, rangi yake ya kiwandani ni tabaka juu ya tabaka. Juu ya bati kuna praima ya kuzuia kutu, inafuata praima ya kusawazisha, alafu ndo rangi yenyewe, nyeusi, silva au pearl, na juu kabisa kuna klia. Klia haina rangi yoyote, ni angavu, lakini ndo inayokupa mng'ao na ndo inayoikinga rangi ya chini isiliwe na jua. Sasa jumlisha tabaka zote hizo kwenye gari ya Japani ambayo haijaguswa, mara nyingi unapata maikroni 100 mpaka 150 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), wakati karatasi moja ya kawaida ya kuprintia inacheza kwenye maikroni 100. Humo ndani klia peke yake ni kama maikroni 35 mpaka 50. Huo ndo mtaji wako wote, hakuna mwingine.

Watu wengi wanadhani bafingi inaongeza kitu juu ya rangi. Haiongezi, inapunguza. Ule mkwaruzo unaouona ni mfereji mdogo ndani ya klia, na kingo zake zinarusha mwanga hovyo kila upande, ndo maana ukisimama juani unaona utando wa buibui unalizunguka jua kwenye boneti na rangi nyeusi inaonekana kijivu. Kurekebisha maana yake unaishusha klia yote ya jirani mpaka ifike usawa wa chini ya huo mfereji, uso ukishakuwa sawasawa mwanga unarudi wote kwa pamoja na hapo ndo unaanza kuona mawingu na nguzo za umeme kwenye boneti. Kwa hiyo mng'ao haupakwi, mng'ao ni klia iliyonyooka.

Hesabu yake sio ngumu. Kampaundi kali (dawa ya kukatia, ile ya kusugua) na pedi kali, raundi moja inaweza kula maikroni 2 mpaka 4, polishi laini ya kumalizia inakula chini ya 1, na msasa wa maji ndo unakula zaidi ya vyote. Wengi kwenye hii kazi tunakubaliana ukishaondoa kama maikroni 8 mpaka 10 kwenye klia ya kiwandani unatakiwa usimame, kwasababu vile vizuizi vya jua vimo ndani ya hiyo hiyo klia, ukiipunguza umevipunguza. Sasa yule wa kila mwezi na kampaundi yake, fanya hesabu ya mwaka mmoja. Ndo unakuta gari paa na boneti vimeanza kufanya weupe, baadae inabanduka magamba, na ikifika hapo mjue hakuna polishi wala koting duniani itakayoirudisha, hiyo ni ya fundi rangi apige msasa apake upya.

Ndo maana mimi kabla sijawasha mashine napima. Kile kipimo cha unene wa rangi ni kidude kidogo kinaingia mfukoni, unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Napita paa, boneti, buti, milango yote, mafenda. Ukikuta mlango mmoja unasoma 120 na wa jirani 260 huo wa pili umeshapigwa rangi, ukikuta sehemu inasoma 1000 na kuendelea chini yake kuna pati, ile ya kuziba mibonyeo. (Hiki kipimo kinunueni hata kama hamfanyi hii kazi, ukienda yadi kununua gari kinakuokoa sana.) Kwenye bampa hakisomi maana bampa ni plastiki, hapo inabidi uende kwa adabu tu. Na kuna wakati namba inasoma ndogo, kwenye 70 au 80, gari kama hiyo namwambia mwenyewe ukweli, bosi hii haina cha kukatwa, tutaisafisha, tutaipiga polishi laini kidogo, mikwaruzo mirefu tutaishi nayo. Wengine wanakasirika wanaenda kwingine. Sawa.

Kitu kingine ambacho watu wanaruka ni usafi wa kabla. Osha gari yako vizuri, ikauke, alafu chukua nailoni ya mkate uvae mkononi upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Utasikia vichengachenga kama umepaka mchanga, na kwa macho huvioni. Hizo ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, lami, utomvu, vumbi la viwandani, vyote vimeng'ang'ania kwenye klia. Ukiweka mashine juu ya hivyo unavizungusha na pedi inakukwaruzia gari nzima. Kwa hiyo kwanza dawa ya chuma, unapuliza inageuka zambarau inapokutana na zile chembe inatiririka chini, unasuuza, alafu unapitisha udongo maalum na maji ya kuteleza mpaka nailoni iteleze kimya. Hii kazi peke yake inaweza kuchukua asubuhi nzima na mteja haioni lakini bila hiyo huna kazi.

Alafu sehemu ya majaribio. Juzi ilikuwa Harrier nyeusi, kodi ya rangi 202 (kodi ni namba ya rangi ya kiwandani), wanaoijua hii rangi wanajua ilivyo laini, ukiitazama tu inakwaruzika. Nikaziba kipande cha boneti kwa masking tepu, kama sentimita 40 kwa 40, nikaanza na kitu laini kabisa, polishi ya kumalizia na pedi laini ya sponji kwenye mashine ya DA (ile inayozunguka huku inacheza cheza), mwendo wa taratibu, mistari ya kwenda na kurudi alafu ya kukatiza, kila mstari unaingia nusu ya uliopita. Nikafuta, nikapuliza spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji ili kutoa mafuta yote, nikamulika tochi ya LED kwa pembeni. Mikwaruzo mingi imeondoka, imebaki michache mirefu. Basi hiyo inatosha, nikapanda ngazi moja tu ya pedi, polishi ile ile, na gari nzima ikafanywa hivo. Ningeanza na kampaundi nzito na pedi ya sufi ningepata matokeo yale yale kwa macho ila ningekuwa nimekula unene wa rangi mara kadhaa zaidi bila sababu. Ukivua ile tepu unaona mstari kabisa, upande huu kijivu chenye ukungu, upande ule nyeusi ya wino, kucha zako unazihesabu humo. Nikiri hiyo sehemu naipenda mno, bado inanifurahisha kila mara.

Hiyo ya kufuta na spiriti shikeni sana wadau. Polishi nyingi zina mafuta na vijazio, vinaingia kwenye mikwaruzo vinaifunika, unakabidhiwa gari inang'aa unalipa unaondoka, ukiosha mara mbili tatu mikwaruzo yote imerudi ukadhani imekwaruzwa upya kumbe haikuwahi kutoka. Na mashine nayo ni stori nyingine, rotari inazunguka sehemu moja inatengeneza joto, kwenye kona na mikunjo ya milango ambako klia ni nyembamba inaitoboa ndani ya sekunde, na asiyeijua anakuachia yale mawimbi yanayotembea na mwanga ukiwa barabarani usiku chini ya taa. Sisemi rotari ni mbaya, mikononi mwa mtu anayeijua ni mashine nzuri, ila DA inasamehe zaidi. Na hakuna mashine yoyote inayotakiwa kugusa bati lililotoka juani saa saba mchana, kazi hii ni ya kivulini.

Wenye gari nyeupe za Toyota zile kodi 040 za zamani, usishtuke ukiona pedi ya fundi imegeuka nyeupe, nyingi zilipigwa rangi bila klia juu kwa hiyo kinachotoka ni rangi yenyewe. Hapo ndo kupima na kwenda taratibu kunahitajika mara mbili.

Sasa koting ya serami. Naiuza na naipenda lakini sitawadanganya. Ni tabaka jembamba, mara nyingi maikroni moja au hata chini yake. Inasaidia maji yateleze, uchafu usishike sana, jua lisiile rangi haraka, kuosha kunakuwa rahisi. Haizuii jiwe la barabara ya Morogoro wala tambara la mlinzi. Ile 9H wanayoitangaza ni kipimo cha ugumu wa penseli, penseli zile za kuchorea, sio ugumu wa almasi. Na koting inafunga chochote kilicho chini yake, ukipaka juu ya mikwaruzo umeilinda mikwaruzo. Kwa unyevu wetu huu wa Dar napaka kipande kidogo kidogo maana inabadilika haraka, ukichelewa kufuta inakuachia madoa magumu ambayo dawa yake ni polishi tena. Baada ya hapo gari isiguse maji angalau siku nzima na isioshwe kwa sabuni kama wiki. Wanaotaka kinga ya mawe waulizie ile filamu angavu ya kubandika, hiyo ina maikroni 150 mpaka 200 na inapokea jiwe kweli, bei yake nayo sio ya mchezo.

Lakini yote haya yanakufa kwenye kuosha, na hapa ndo nataka mnisikilize. Ukiniuliza nani anaharibu rangi za gari mjini hapa nakwambia ni tambara la asubuhi. Dereva au mlinzi anaamka na ndoo moja na tambara moja, vumbi la usiku limekaa kwenye gari, analiloweka tambara analisugua paa zima, analirudisha kwenye ndoo ile ile, anapanda boneti. Ana nia njema kabisa, anataka bosi akute gari safi. Ila lile vumbi ni mchanga na anausugua kwenye klia kila siku ya Mungu. Usimgombeze, mfundishe na mnunulie vifaa. Kama gari ina vumbi tu iache na vumbi mpaka siku ya kuoshwa, au suuza kwa maji bila kugusa.

Siku ya kuosha, suuza kwanza kwa presha uchafu mwingi uondoke, matairi na rimu zina ndoo yake na brashi yake. Bodi ndoo mbili, moja sabuni moja maji ya kusuuzia glavu, zile wavu za chini ya ndoo zikipatikana weka. Anza paa shuka chini, milango chini kabisa iwe ya mwisho maana ndo ina mchanga mwingi. Shampuu ya gari, sio sabuni ya unga, ile ya unga ni kali inavua nta na silanti (kinga ya kupaka kama nta) yote uliyolipia. Kukausha ni taulo kubwa la maikrofaiba, unalilaza na kulivuta, au ukiwa na bloa ndo bora zaidi. Taulo likianguka chini limeshatoka kazini siku hiyo, hata ulikung'ute vipi.

Maji nayo. Visima vingi Dar vina chumvi, ukiosha kwa maji hayo juani yanakauka yanaacha madoa meupe ya mviringo, yakikaa yanachimba klia. Kama huna maji mengine basi osha jioni kivulini na kausha kipande kwa kipande, ukipata maji ya mvua ya kusuuzia mwisho ni neema. Doa jipya linatoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, paka, subiri kidogo, suuza. La miezi ni la mashine.

Na kunguru. Kinyesi cha ndege kina asidi, na klia ikiwa ya moto inatanuka, ikipoa inajikunja na kulishika lile doa, ndo unakuta alama imechorwa hata baada ya kuosha. Kitoe siku ile ile, sio kwa kukwangua, weka kitambaa chenye maji mengi juu yake kilainike alafu kinyanyue. Ukipaki chini ya mwembe au mkwaju wenye popo weka chupa ya maji na maikrofaiba mbili ndani ya gari.

Ukifanya hivyo gari iliyorekebishwa vizuri inakaa miaka kabla haijahitaji mashine tena, katikati unaongeza silanti au nta kila miezi michache na mikwaruzo midogo ya hapa na pale unaivumilia. Ule ambao kucha inanasa ukipitisha, huo umeshapita klia au umekaribia, usikubali mtu aukimbize na kampaundi, utiliwe rangi ya kugusia.

Kabla hujamuachia mtu funguo muulize amepima maikroni ngapi, muombe akuonyeshe kipande cha majaribio kilichofutwa kwa spiriti, na gari ichukue inapotoka juani mchana kweupe, sio chini ya taa za gereji. Kazi ya maana kwenye gari ndogo ya kawaida ni siku nzima mpaka mbili tatu, anayekwambia saa moja anakupaka vijazio. Wenye rangi za mati (zile zisizong'aa) wao wasipigishe polishi kabisa, kuna shampuu zake, nitaandika siku nyingine. Maswali tupieni hapo chini, mkituma na picha ya juani na kodi ya rangi iliyo kwenye kibao cha gari najibu vizuri zaidi.